Mwanamke wa Chuma na Mshika Tochi

Jumatatu asubuhi, saa ambayo jengo zima la ghorofa kumi na moja hugombania lifti mbili, lifti namba mbili ilikwama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Ndani alikuwamo mwandishi wa hadithi za kusisimua, peke yake, amevaa shati jeupe na tai nyekundu. Ujasiri wake wote alikuwa ameuacha vitabuni. Alipiga kelele, lakini kwa heshima.

Mlango wa juu ukafunguliwa. Mwanamke mwenye ovaroli ya buluu na hereni ndogo za shaba akachungulia.

"Kaka, umemaliza kuimba?"

"Nilikuwa naita msaada."

"Msaada ndio mimi. Shika tochi hii, mulika hapa. Si usoni kwangu, hapa!"

Akaishika dakika ishirini. Lifti ilipokwamuka, moyo wake ndio uliobaki umekwama.

Baada ya wiki tatu walikuwa wakipigiana simu mara sita kwa siku. Na katika hadithi aliyokuwa akiitoa gazetini sura kwa sura, akazaliwa shujaa mpya aitwaye Chuma: fundi wa lifti anayepiga majambazi wanane kwa spana moja na kuzuia lifti kwa mikono mitupu. Hali chakula, halali usingizi, hana mama wala mafua, na suruali yake ya ngozi inambana mpaka kupanda ngazi ni muujiza.

"Lifti inazuiwa na breki, mpenzi," fundi alicheka. "Na kwa suruali ile nitachuchumaaje?"

"Wasomaji wanataka mwanamke imara."

"Na mimi je?"

"Wewe ndiye yeye!"

Hapo ndipo kosa lilipobisha hodi, likavua viatu, likaketi.

Alhamisi moja mama yake fundi aliingizwa chumba cha upasuaji. Fundi akampigia mwandishi kutoka kwenye benchi la hospitali.

"Naogopa. Njoo ukae na mimi."

Mwandishi, kalamu mkononi, akacheka kwa upole. "Wewe uogope? Chuma halii, mpenzi."

Simu ikakatwa.

Siku tisa simu zake hazikupokelewa. Alizunguka chumbani mpaka jirani wa chini akagonga dari kwa fagio. Mhariri naye akawa anadai sura ya mwisho: Chuma aanguke kutoka juu, adakwe na inspekta mtanashati. "Mwanamke imara lazima mwishoni adakwe," alifafanua, kama anayesoma katiba.

Siku ya kumi mwandishi aliingia lifti namba mbili, akaisimamisha kati ya ghorofa mbili, akabonyeza kengele ya dharura. Bahati mbaya, alikuwamo pia mama mmoja mwenye furushi la mapazia.

"Chumba cha mafundi," spika ikasema kwa sauti aliyoijua. "Mna shida gani?"

"Shida ni mimi."

"Lifti hiyo ni nzima. Ishushe."

"Nisikilize sura moja tu."

"Baba, mimi nina mteja," alisema mama wa mapazia. "Haya, soma upesi."

Akasoma. Chuma yuko kwenye benchi la hospitali, ovaroli ina grisi, analia mpaka kwikwi. Anakula mkate mkavu. Kisha anarudi kazini, kwa sababu ghorofa ya nane watu wanasubiri.

"Halafu inspekta anamfuta machozi?" spika ikauliza.

"Nimemfukuza. Anajifuta mwenyewe."

"Na mwanamume wake?"

"Alitakiwa awe pale. Hakuwapo. Nimeandika hivyo hivyo."

Mama wa mapazia akavuta kamasi. "Mwanangu, anaandika ovyo, lakini hadanganyi."

Lifti ikashuka. Mlango ulipofunguka, fundi alikuwa amesimama pale, macho yamelowa, wala hakuyaficha.

"Kengele ile si ya mchezo."

"Nisamehe. Ya kengele, na ya benchi."

"Mama katoka hospitali jana. Anataka kumwona mtu aliyeniliza kuliko kidonda chake. Leo jioni. Lakini kwanza kuna mlango umegoma ghorofa ya tisa." Akamrushia tochi.

Huko juu akamulika panapotakiwa, ila mwanga ulikuwa ukicheza ukutani.

"Mbona mkono unatetemeka? Unamwogopa mama?"

"Sana."

Fundi angeweza kucheka. Haki hiyo alikuwa nayo. Akaweka spana chini, akasogea mpaka bega likagusa bega.

"Haya," akasema. "Nitakaa na wewe."