Amefika Mwenyewe

Ninaanza na kosa langu, maana Mungu analijua tayari na sioni faida ya kuwaficha ninyi. Mwaka wa hamsini na mbili nilimfanya shemeji yangu aandike uongo katika daftari la serikali. Mimi Lukas, mwalimu wa misheni niliyeishia darasa la sita, nilifanya hivyo kwa majivuno.

Bibi Hulda alitoka Norwei akaja kwetu Makambako kujifunza Kibena, ili awauguze wagonjwa bila mkalimani. Mimi ndiye niliyemfundisha. Watu wakaniita mwalimu wa Wazungu, nikalipenda jina hilo. Lakini kibali chake cha kukaa nchini kilikuwa cha miezi mitatu mitatu. Kila kikiisha ilimpasa kupanda lori mpaka bomani Njombe, asimame mbele ya karani, aeleze amekuja kufanya nini, na karani aandike, "Amefika mwenyewe." Ndipo karatasi zilipokwenda Dar es Salaam, zikarudi zikidai picha nyingine, au barua nyingine ya misheni. Akikosa siku yake, arudi kwao.

Mwezi wa Machi siku yake ilimkuta kitandani na homa. Nikapanda lori peke yangu. Karani alikuwa Enoki, mume wa dada yangu Dorika, aliyefanya kazi chini ya Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa boma.

"Shemeji, wewe andika tu," nikamwambia.

"Na Bwana Shauri akiuliza?"

"Aulize nini? Kwake hao wote ni karatasi. Tangu lini mume wa Dorika akaogopa wino?"

Enoki akacheka, akaandika. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Niliporudi jioni nilimkuta seremala wa misheni akipiga misumari ya jeneza. Bibi Hulda alikuwa amekufa saa mbili asubuhi, mimi nikiwa bado njiani kwenda.

Barua ya misheni ya kutangaza kifo ilifika bomani wiki ileile, na saa imetajwa. Enoki akaificha chini ya droo, maana ingeonekana amempokea maiti, naye angefungwa. Mimi nilijua, nikanyamaza. Basi katika jalada Bibi Hulda alikuwa hai, na aliye hai lazima afike tena baada ya miezi mitatu.

Mwezi wa Juni Enoki akaandika tena maneno yaleyale. Wino haujakauka, akasikia benchi la barazani likilia, kama mtu ameketi. Ukungu ulikuwa umeumeza hata mlingoti wa bendera. Harufu ya udongo uliofukuliwa ikapenya chini ya mlango.

"Kamwene," sauti ikasema huko nje.

Hiyo ni salamu yetu, na asalimiwaye huitikia. Mbena hafundishwi kuuliza kwanza ni nani.

"Kamwene," Enoki akaitika.

"Nimekuja kujifunza," sauti ikasema polepole. "Nipe neno moja. Lile la maji."

Enoki akalitamka. Alipofungua mlango, benchi lilikuwa tupu, limelowa.

Jioni ile nyumbani alitaka maji ya kunywa, na Kibena chake kikakwama. Akaomba kwa Kiswahili.

"Leo umeleta boma mpaka jikoni?" Dorika akamtania, akalitaja neno lenyewe kwa Kibena. Enoki akamuuliza lina maana gani. Dorika akaacha kucheka.

Tangu hapo sauti haikungoja tena miezi mitatu. Ilikuja kila asubuhi yenye ukungu, ikaomba neno la moto, neno la mtoto, neno la mama, na Enoki alijaza pamba masikioni lakini kinywa chake kilijibu chenyewe, na sauti ile iliyoanza kwa kugugumia kama mwanafunzi ikazidi kulainika siku hadi siku, mpaka kufika Septemba ilikuwa ikicheka kicheko cha Dorika barazani huku Dorika mwenyewe yuko shambani, na Enoki ameketi ndani, akisikiliza lugha aliyonyonyeshwa nayo asielewe hata nusu.

Dorika akanijia. "Kaka, mume wangu hawezi kuzungumza na mama yake. Nenda kwa Bwana Shauri ukaseme ukweli."

"Nitakwenda," nikasema. Sikwenda. Nilimwita mchungaji Nikodemo kutoka Kidugala.

Mchungaji aliomba mle ofisini mpaka jasho likamtoka kwenye baridi ile. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Bibi Hulda amelala kwa Bwana. Huyu siye. Mmeandika nafasi ya mtu asiyekuwepo, na jini likaikuta tupu. Siwezi kulifukuza wakati ninyi mnaliruhusu. Itoeni barua ya kifo."

Tukaitoa mwezi wa Desemba. Enoki alitangulia, mimi nyuma yake. Bwana Shauri akaisoma, akamrudishia Enoki.

"Huu ni mzaha gani? Bibi huyu ametoka hapa sasa hivi. Kibali chake kimefika jana kutoka Dar es Salaam, cha kudumu. Nimempa mkononi mwake. Na anasema Kibena kuliko wewe."

Harufu ya udongo ilikuwa bado mle chumbani. Bwana Shauri akanigeukia. "Wewe ndiwe uliyekuwa mwalimu wake. Amekufa au hakufa?"

Enoki alinitazama. Ningesema neno moja tu.

"Sijui, Bwana," nikasema.

Enoki alifukuzwa kazi kama mwenda wazimu. Sasa yuko Kichiwa kwa mama yake. Mama humsemesha, naye humtazama kama mtu atazamavyo mgeni aliyepotea njia. Dorika hajaniamkia tangu siku ile, na simlaumu.

Mwaka jana mchuuzi mmoja wa kutoka Ukinga aliniambia kuna bibi Mzungu amefika kwao na karatasi halali ya serikali. Hali chakula na watu. Anajifunza Kikinga, na anakishika upesi mno.

Kama una ndugu huko, nakuomba umwandikie leo. Asimfundishe hata neno moja.