Nusu ya Papai Kabatini

Kila Jumamosi mama yao, Rebeka, alipokwenda kupalilia miwa, jikoni alibaki Costancia. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na kazi zake alizijua: kufagia uwanja, kupika chakula cha mchana na kumwangalia mdogo wake, Imani. Jumamosi hiyo kijijini kwao Kidodi kulikuwa na joto kali. Malori ya miwa yalipita tangu asubuhi, vumbi likatua hadi kwenye vyombo vilivyoanikwa kichanjani. Tena kulikuwa na mgeni, Bibi Hildegarda, mama mzazi wa mama, aliyekuja kutoka Kisanga kuwasalimia.

"Ukimaliza kukata kuku, osha kisu na kibao kwa sabuni," mama alisema akiondoka. "Na lile papai usilikate kabla hujaliosha."

"Sawa, mama."

Lakini bomba halikuwa likitoa maji, na kwenye ndoo yalibaki kidogo tu. Wenzake nao walikuwa wameshapita wakimwita akacheze netiboli. Costancia akakata kuku upesi, akafuta kisu na kibao kwa kitambaa, akalipasua papai palepale bila kulimwagia hata tone la maji. Imani alipewa kipande kikubwa, akala hadi kidevu kikalowa. Nusu iliyobaki Costancia aliifunika kwa sahani kabatini. Kuku alipoiva, alimwacha Imani kwa bibi, akaenda zake uwanjani.

Kesho yake alfajiri Imani aliamka akitapika. Tumbo likamwendesha mfululizo, midomo ikamkauka na macho yakaingia ndani. Mama alimfunga mgongoni, wakaenda zahanati, Costancia akifuata nyuma na chupa ya maji.

"Jana mtoto alikula nini?" aliuliza Nesi Tumwagile.

"Ugali na kuku," mama alijibu. "Tulikula sote chungu kimoja, na sisi wengine ni wazima."

Nesi akamgeukia Costancia. "Wewe dada yake, hukumpa kitu kingine?"

Costancia aliangalia vidole vya miguu yake. "Hapana," alisema.

Nesi alikoroga pakiti ya ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, kwenye maji safi, akamnywesha Imani kidogo kidogo kwa kijiko. Imani aliyatapika yote, akalala begani kwa mama kama kitambaa kilicholowa. Costancia alifungua kifuniko cha chupa ya maji, akakifunga tena.

"Afadhali bibi yenu hana neno," mama alisema taratibu. "Nimemwambia asiningojee chai, akimaliza sala zake ale lile papai la kabatini."

Costancia akasimama. "Mama, bibi asilile."

"Kwa nini?"

"Sikuliosha. Nililikata kwa kisu cha kuku. Imani naye nilimpa." Machozi yakamtoka. "Nesi, nilikudanganya."

Mama alimpigia bibi simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, kimya.

"Kimbia," alimwambia.

Costancia alikimbia kando ya barabara. Lori lilipita, vumbi likamjaa machoni, wala hakusimama. Akilini alimwona bibi tayari yupo kitandani, amejikunja, akijishika tumbo. Picha hiyo haikumtoka hadi alipousukuma mlango.

Bibi alikuwa mkekani, sahani ya papai mapajani, macho ameyafumba. Alikuwa bado anasali, na sala za Bibi Hildegarda zilikuwa ndefu. Costancia akaiondoa sahani.

Bibi alifumbua macho. "Mjukuu wangu, chakula changu kina nini?"

"Shikamoo, bibi. Kina makosa yangu," alisema, akakaa chini na kulia.

Mchana Imani alianza kunywa bila kutapika. Siku iliyofuata akaomba uji. Jioni hiyo mama alimwita Costancia jikoni, akaweka mbele yake sabuni, maji safi na vibao viwili.

"Hiki cha nyama, hiki cha matunda na mboga," alisema. "Kuku atapita motoni, vijidudu vyake vitakufa. Papai halipiti motoni. Kilichotoka kwenye kisu kinaingia tumboni kama kilivyo. Na tunda likishakatwa, joto la hapa linaliharibu. Kata kiasi cha kuliwa kikaisha."

"Nisamehe, mama."

"Hayo nimekusamehe. Kilichoniuma ni ile 'hapana' uliyomwambia nesi. Anayekosea nitamfundisha. Anayeficha nitamfundisha nini, wakati sijui amekosea wapi? Ungenyamaza kidogo tu tena, bibi yako angekuwa ameshakula, na kwa umri wake sijui tungesema nini leo."

Costancia alinawa mikono kwa sabuni, akachukua nyanya ya kwanza na kuanza kuiosha.