Kiti Alichosahau Kukipima

Kiti kilikuwa na joto. Si joto la jua, maana karakana ndiyo kwanza ilikuwa inafunguliwa. Lilikuwa joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Fundi viti akaondoa kiganja, akajiambia ni vanishi inakauka, ingawa alijua vizuri kwamba kiti hicho hakijapakwa vanishi.

Alikuwa amechoka, na mchovu hukubali jibu lolote. Maisha yake yote aliwatengenezea wengine mahali pa kupumzikia. Wateja walimtania kwa masharti yake: kiti hakiagizwi asubuhi. Uje jioni ukitoka kazini, miguu ikiwaka, kwa sababu mwili uliopumzika hudanganya. Atakupima kwa uzi, afunge fundo penye goti, penye kiuno na penye bega, kisha akuulize unaumwa wapi. Mitindo yake hakuitoa vitabuni. Aliitoa kwa watu walioegemea kuta na milango, wakidhani hakuna anayewaona.

Lakini kinyozi hajinyoi. Mke wake, aliyevipiga msasa viti vyote hivyo, alikalia ndoo iliyopinduliwa, na mgongo ulishaanza kumpinda. Mwishowe fundi akaona aibu. Akapata gogo zuri la mti ulioangushwa na upepo, akamtengenezea kiti. Hakumpima. Nimpime ya nini, alijiambia, mtu ninayelala naye kila siku? Akaifuata mbao ilivyotaka kupinda.

Mke alipoketi, miguu ilining'inia. Akashuka taratibu.

"Mume wangu, hiki si changu," alisema kwa sauti ya chini. "Kimepimiwa mtu mwingine."

Kesho yake asubuhi ndipo alipokikuta kiti kina joto, na tangu siku hiyo joto halikukatika. Ikafuata harufu ya magome yaliyolowa mvua, na mvua haikuwa imenyesha. Na mchana mmoja, wakila huku wamekipa kiti mgongo, walisikia viungo vyake vikilia, mlio ule ambao fundi aliujua kama anavyokijua kikohozi cha mkewe, mlio wa mbao inayopokea uzito wa mtu mzima anayejiachia baada ya safari ndefu, na wote wawili wakaendelea kutafuna bila kugeuka, kwa sababu kugeuka kungekuwa kukubali.

Wakamwita mganga, bibi mwenye magoti mabovu. Pamoja na magoti hayo alikataa kuketi.

"Si mkorofi," alinong'ona. "Alikuwa akipumzika kwenye ule mti. Mti umeanguka, nawe ukamchongea kiti. Kichome chote. Hata kijiti kisibaki."

Fundi akachoma miguu, akachoma mikono. Alipofika kwenye egemeo, mkono ukakataa. Mbao nzuri haitupwi. Ndivyo alivyofundishwa, ndivyo alivyoishi. Akalificha chini ya meza ya kazi.

Jioni moja akampima mkewe kwa uzi, fundo kwa fundo. Mke alilia kidogo, akasema leo umenikumbuka. Kiti kipya kikakamilika, na egemeo lile likakaa mahali pake kama lililokuwa likisubiri. Fundi hakumwambia.

Mke akaketi. Miguu ikagusa sakafu. Kiti kikalia mara moja, kama viti vyote. Kisha kikalia tena, kwa uzito zaidi, na harufu ya magome ikajaa karakana, na mke akafumba macho, na bega lake likashuka, na mgongo wake, ambao fundi hakuwahi kuuona umenyooka tangu ujana wao, ukanyooka polepole kama unaoshikwa kwa mikono miwili.

"Inuka," alimwambia, akinyoosha mkono.

"Niinuke niende wapi?" Mke hakufumbua macho. "Hauumi tena. Ananiegemeza." Akalaza kichwa kwenye egemeo, kama anayesikiliza. "Anasema nawe umechoka. Ameshakupima."

Fundi akatazama mezani. Uzi ulikuwa na mafundo ambayo hakuyafunga yeye. Akauchukua, akauweka penye goti lake, penye kiuno, penye bega.

Hakuna fundo lililokosea.