Mkono wa Mwingine Nyuma ya Sikio

Walikutana kwenye kivuko cha waenda kwa miguu mbele ya benki, asubuhi ambayo kila mtu alikuwa na haraka. Keshia wa benki hiyo, katika sketi ya kijivu na viatu vyeusi vya kisigino, alikanyaga mstari mweupe uliokuwa haujakauka.

"Dada, umekanyaga kazi yangu," alisema mchora barabara, kijana mwenye ualbino, kofia pana imemfunika mpaka masikioni.

"Na kazi yako imeniharibia kiatu."

"Lete nikisafishe. Ila nipe na namba ya simu, nisije nikamrudishia mwingine."

Alicheka, akampa. Haukupita muda mrefu wakawa wapenzi, ingawa mama yake keshia aliendelea kumwita kijana "yule wa juani."

Siku moja keshia alichungulia dirisha la ghorofani, pale benki. Kule chini, mwanamke mshika bendera, anayesimamisha magari wachoraji wakiwa kazini, alikuwa amemvua mpenzi wa keshia kofia na kumpaka krimu ya kuzuia jua nyuma ya sikio, taratibu. Mbele ya keshia kofia ile haikuvuliwa hata sebuleni.

Alipiga simu. "Huyo anayekupapasa ni nani?"

"Mwenzangu wa kazi, mpenzi. Huko nyuma sijioni."

"Mimi sina mikono?"

Akakata, na hakupokea tena.

Kesho yake mshika bendera alisimama kwenye dirisha la huduma la keshia, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shemeji, mume wangu mmoja ananitosha kwa kunisumbua. Huyu wako ana kidonda nyuma ya sikio, hakiponi. Haendi hospitali. Anaogopa watamtoa kazini, mama yako apate la kusema."

Wivu haukuisha, ulizidi. Mwingine alikuwa amekiona kwanza.

Wakati wa chakula cha mchana keshia aliteremka barabarani, akamvua kijana kofia yeye mwenyewe. Kidonda kilikuwa kidogo, ukingo wake mgumu.

"Kesho hospitali."

"Wakinitoa kazini?"

"Wakutoe. Mama nitamjibu mimi."

Ilikuwa saratani ya ngozi, bado changa. Daktari aliikata yote. Mwajiri alimhamishia karakana ya mabango, kivulini, kwa mshahara mdogo zaidi.

Siku ya kubadilisha bandeji, muuguzi alimwinamia mgonjwa. Keshia akasogea.

"Nielekeze, nitamfunga mimi."

"Dada, una wivu mpaka na pamba?" muuguzi aliuliza.

"Ndiyo."

"Mzoee tu, nesi," mgonjwa alisema. "Nataka kumwoa hivyohivyo alivyo."

Mkasi aliopewa na muuguzi ulisita mkononi mwa keshia.

"Tulia," alisema. "Nikimaliza hapa utageuka, uniombe upya ukiniangalia usoni."