Kiti cha Bembea cha Jackline

Siku ya soko Ngaramtoni watu walikuwa wamejaa mpaka ndani ya duka la vifaa vya ujenzi. Jackline, katika gauni la kitenge cha njano na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi, alikuwa amebanwa kwenye kaunta akichagua kulabu.

"Hiyo ni ya kutundikia kalenda, dada," ilisema sauti nyuma yake.

Akageuka. Kijana mrefu, kamba ya kupandia milima begani, tabasamu la kumvuruga mtu hesabu.

"Nani kakuambia natundika nini?"

"Umemwambia muuzaji mara tatu. Duka zima tunajua ni kiti cha bembea."

Aliitwa Lesian, na kazi yake ilikuwa kuongoza wageni Mlima Meru. Jackline alikuwa akijiandaa kufungua bustani ya kahawa Olasiti, na fahari yake ilikuwa pagola ya mbao, nguzo nne na boriti juu, wazi kwa anga. Wakapeana namba. Tangu hapo simu haikupoa, "umeamkaje malkia" asubuhi, "mtu wangu, umekula?" mchana. Mpaka jioni moja Lesian alipouliza:

"Mpenzi, una kilo ngapi?"

Jackline akaitoa simu sikioni, akaitazama.

"Lesian, kwani unanunua ng'ombe?"

"Hapana, nataka kujua bolti ya..."

Jackline akakata. Wanaume aliowahi kuwajua walikuwa na kasoro zao, lakini hakuna aliyetaka kumpandisha mizani. Hakupokea tena simu yake. Akaichukua ile kulabu ndogo ya kalenda, akaikaza mwenyewe kwenye boriti, akatundika kiti na kukitazama kwa maringo.

Siku ya pili shangazi yake, Anyesi, akashuka kutoka nyumbani kwao Akheri na mkungu wa ndizi mbivu. Alikuwa mama wa mwili uliojaa, na miguu ilikuwa imemchosha. Akautua mkungu chini ya kiti, akakaa. Kulabu ikachomoka kama jino bovu, na shangazi akatua juu ya ndizi.

"Umeumia, shangazi?"

"Zilizoumia ni ndizi. Nani amefunga kitu hiki?"

"Mimi. Kuna mtu alitaka kunisaidia, akaniuliza kilo zangu, nikamnunia."

"Si ungempa. Na zangu ungemwongezea."

Jackline akapiga simu. Lesian akapokea haraka.

"Themanini na mbili," alisema Jackline.

"Nini?"

"Kilo. Za shangazi usiulize, wewe njoo."

Lesian akaja na keekee na ngazi, akamwamkia shangazi shikamoo kwa kuinama. Akaigonga boriti nene kusikiliza kama imeoza, akaitoboa mpaka upande wa pili, akapitisha bolti ndefu yenye pete, akaikaza kwa washa pana ya chuma na nati. Akaning'iniza mifuko miwili ya saruji kwa mnyororo, akaivuta, akaiyumbisha. Boriti haikulia.

Jackline alikuwa ameshika ngazi. "Nilidhani unaniona mnene."

"Nilikuwa naogopa utaanguka." Lesian hakushuka. "Jackline, wazee wangu wakija Akheri, watapokelewa?"

Jackline akaishika ngazi kwa nguvu zaidi.

"Waje Jumamosi," alisema. "Jumapili ibada yetu ni ndefu."

Nyuma yao shangazi alikuwa ameshampigia simu baba yake Jackline.

"Kaka," alisema, "anza kupaka rangi ile sebule. Tuna wageni."