Mbuzi Huja na Miguu Yake

"Nashon, usikuje," Ndinda akasema kwenye simu.

"Nimeshatoka nyumba, Ndinda."

"Baba amesema akikuona hapa mtaani Kongo atakurudisha Kibera yeye mwenyewe."

"Na mama amesema aje?"

Ndinda alimtazama mama yake, Kaveke, aliyelala kwenye kitanda walichokisogeza karibu na mlango apate hewa. Kabla ya Krismasi daktari alisema saratani imetoka kwenye titi ikaingia mifupani. Wiki mbili zilizopita akasema imefika kwenye ini. Ndinda alimsikiliza, akamshukuru, akapitia kwa mama mboga kununua sukuma. Hakuwa amelia tangu siku hiyo. Kila asubuhi alipiga magoti, lakini maneno yalimtoka makavu, kama mtu anayesoma tangazo la ukutani.

"Mama anataka kuona ntheo," akasema.

"Basi nakuja. Mbuzi niko naye."

Simu ikakatika. Krediti ilikuwa imeisha, na duka la jirani halikuwa limefunguliwa tangu fujo za uchaguzi zianze.

Baba yake, mzee Musau, fundi wa viatu, alikuwa amesikia yote.

"Ni yule Mjaluo?"

"Ni Nashon, baba."

"Watu wanakatana huko nje, na wewe unaniletea mkwe wa upande wa Raila! Majirani wakituchomea nyumba, mama yako tutamlaza wapi?"

"Wewe ndiye ulimkubali mwezi wa kumi."

"Mwezi wa kumi Kenya ilikuwa nchi nyingine."

Kaveke akafungua macho.

"Baba Ndinda, nasikia. Ugonjwa haujafika masikioni."

Musau akamsogelea kitandani.

"Nataka mbuzi wa ntheo aingie hapa nikimwona," Kaveke akaendelea. "Hata mmoja, wengine watafuata. Sitaki niende niache mtoto wangu kama mtu aliyeokotwa tu njiani."

Ndinda alielewa. Kwa Wakamba, mbuzi watatu wa ntheo wasipofika kwa wazazi, msichana hajaolewa, hata azae watoto kumi.

Saa tisa alasiri mlango ukagongwa. Nashon aliingia na mfuko wa gunia begani. Shati lilikuwa limechanika kwapani, na soli ya kiatu cha kulia ilining'inia kama ulimi wa mbwa.

"Hamjambo hapa? Mama, pole na ugonjwa. Mzee, habari."

"Mbuzi yuko wapi?" Musau akauliza.

Nashon akashusha mfuko. "Huyu hapa, mzee. Bado ni freshi, nimemchinja asubuhi."

Musau akafungua gunia, akachungulia. Hata Ndinda alijua mambo yameharibika.

"Umemchinja?"

"Alikuwa anapiga kelele sana, mzee. Kupita na mbuzi anayelia kwenye vile vizuizi vya barabarani ni kuwaita vijana kwa kipaza sauti."

"Mbuzi wa ntheo huja na miguu yake! Anaonekana akiwa hai, ndipo anachinjwa hapa kwangu. Wewe umeniletea nyama kama mtu ametoka buchari!"

"Kwetu ni ng'ombe, mzee. Hii ya mbuzi sikujua iko na masharti."

"Sasa umejua. Rudi nayo."

Nashon akamgeukia Ndinda. Ndinda alikuwa kama anatazama watu wa nyumba nyingine kupitia dirishani.

"Nashon," Kaveke akaita. "Umekuja na nini?"

"Na miguu, mama. Tangu saa tatu. Wamenirudisha mara tatu, nikazunguka."

"Baba Ndinda, wewe ni fundi wa viatu. Tazama hiyo soli, halafu uniambie huyo mbuzi hakutembea."

Musau alikitazama kile kiatu kwa muda mrefu, vile alivyozoea kutazama kiatu cha mteja kabla ya kusema kama kinafaa kushonwa au ni cha kutupwa.

"Wale wawili waliobaki," akasema mwishowe, "watakuja wakiwa hai."

"Wakiwa hai, mzee. Barabara zikifunguka tu."

"Vua kiatu."

Akavuta sanduku lake la sindano na uzi, akainama, akaanza kushona.

Ndinda alichemsha nyama. Mchuzi ulipokuwa tayari alimlisha mama yake kijiko kimoja, cha pili, cha tatu. Safari hii hakutapika.

"Sasa una mume," Kaveke akasema, akifumba macho. "Na huu mchuzi umesahau chumvi."

Ndinda akarudi kwenye jiko la makaa, akaishika sufuria kwa mikono mitupu. Ikamchoma.

"Mungu wangu!" akalia.

Yalikuwa maombi yake ya kwanza ya kweli mwaka ule. Aliketi sakafuni, viganja vikimwaka moto, na machozi yaliyomkataa wiki mbili yakaanza kushuka.