Jicho la Kondoo wa Idi

Ninyi mnaofunga mnyama uani kila Idi kubwa inapokaribia, hadithi hii ni yenu. Na wala msiniambie kwamba watoto wenu hawana tabia ya kumchokoza, kwa sababu mimi ninapita barabarani na ninaona. Waiteni wasogee, nao wasikie.

Palikuwa na nyumba moja katika mtaa wa Buyenzi, nyumba ya Massoudi, fundi wa magari. Asubuhi moja ya mwezi wa Machi, mwaka wa tisini na tano, mkewe Mwanasiti alikuwa barazani akikaanga mandazi. Binti yao mkubwa, Raihana, alimsuka mdogo wake nywele, na kitoto cha mwisho kilitambaa kati yao kikiokota makombo. Redio ya jirani ilikuwa ikiimba. Kabla mandazi hayajaiva, bunduki zikaanza kulia upande wa mtaa wa Bwiza. Walilala chini kutwa nzima. Walipoinuka walikuta geti lao la bati limetobolewa na risasi mahali pengi, na kila tundu limeacha meno makali yaliyochomoza kuelekea uani.

Siku ya tatu Mwanasiti alimfunga mtoto mgongoni, akamshika mwingine mkono, akavuka mpaka kwenda Uvira kwa kaka zake. Raihana alibaki. Alikuwa na miaka kumi na miwili, yuko darasa la sita, na mwaka ule ulikuwa wa mtihani mkubwa wa kumaliza shule ya msingi.

"Mutoto akiacha masomo sasa, mwaka umekufa," baba yake alisema. Mama alikubali huku analia.

Basi nyumba ikawa kimya. Majirani wengi nao walikuwa wamehama, hata ukipiga chafya uani hakuna wa kukuitikia. Massoudi alitoka mapema kwenda gereji na kurudi jioni, kabla ya saa ya watu kukatazwa kutembea. Raihana akitoka shule alifungua mlango mwenyewe, alipika mwenyewe, alikula mwenyewe. Viatu vya mama yake aliviacha pale pale mlangoni, ili mama akirudi avione. Alikuwa mpweke sana mtoto yule, na hakuwa na wa kumwambia.

Wiki tatu kabla ya Idi, mfugaji mmoja aitwaye Révérien aliteremka kutoka milimani na kondoo wachache, siku ambayo njia ilikuwa imefunguliwa kidogo. Massoudi alinunua dume jeupe lenye pembe zilizojikunja. Siku ile ile alimtuma Tajudini, mfanyabiashara aliyekuwa akivuka kwenda Uvira, ampelekee Mwanasiti habari kwamba mnyama amepatikana. Kisha akamwita binti yake.

"Raihana, sikiliza. Mama yako alituma neno. Akisikia tunachinja hapa kwetu, anarudi kwa Idi. Sasa huyu ni mutu wako. Umupe maji asubuhi, umupe na muchana, na kamba usiifupishe. Mutu asimupige. Munyama wa Idi anatakiwa muzima, macho mawili, miguu mine. Akipata kilema, apana, hatafaa tena."

"Ndiyo, papa."

Alimtunza kweli. Alikata majani kando ya mto Ntahangwa, akayabeba kichwani hadi nyumbani. Alimsomea masomo yake kwa sauti, na kondoo alitafuna na kusikiliza. Baada ya siku chache akawa anakula mkononi mwake, na jioni moja aliweka kidevu chake juu ya goti la Raihana wakati anasoma. Raihana hakusogea mpaka baba yake aliporudi.

Halafu akaja Kaltum, mwanafunzi mwenzake, kuazima daftari. Kondoo alipiga mkoba wake kwa pembe, na Kaltum akacheka mpaka akakaa chini. Kesho yake alirudi na Ilias na wengine watano. Walitundika mkoba getini, wakamchokoza kondoo kwa kumvuta mkia, naye akaukimbilia mkoba kwa kichwa. Bati lililia paa! Watoto wakashangilia. Uani palijaa kelele za kitoto kwa mara ya kwanza tangu mama aondoke.

Siku ya pili Raihana aliona ulimi wa kondoo uko nje.

"Mumuache, amechoka," alisema.

"Basi sisi tunaenda," Kaltum akajibu, akachukua mkoba wake. "Twende kwetu, tutaruka kamba huko."

Raihana aliwaona wanageuka. Aliona pia viatu vya mama yake pale mlangoni.

"Apana, mubaki," alisema. "Mara moja tu."

Ndugu zangu, msimhukumu upesi. Wangapi kati yetu tumenyamaza jambo baya likitendeka mbele yetu, kwa kuogopa kuachwa peke yetu? Lakini mara moja ile ikawa kila siku. Ilias alisema kondoo akinywa maji analegea, hana hasira. Raihana akaanza kuficha ndoo ya maji ya mchana nyuma ya mlango. Wenzake wakiondoka, hakukaa tena na kondoo kusoma. Aliingia ndani na kufunga, kwa sababu hakuweza kumtazama usoni.

Siku tisa kabla ya Idi, Ilias alitundika mkoba upande wa juu wa geti, penye matundu ya risasi. Kondoo alikuwa hajanywa tangu alfajiri. Alikwenda mbio, akapiga bati, na safari hii bati halikulia peke yake. Kondoo alitoa sauti ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuisikia. Alipogeuka, upande mmoja wa uso wake ulikuwa damu tupu. Jino la bati lilikuwa limeingia jichoni.

"Ni kondoo yenu," Kaltum alisema, akaokota mkoba. Dakika moja baadaye hapakuwa na mtoto hata mmoja. Waliacha geti wazi.

Massoudi alirudi jioni, akamwosha kondoo kwa maji ya chumvi. Hakumpiga binti yake, na afadhali angempiga.

"Nani alifungua geti?" aliuliza.

"Mimi, papa. Nilitaka wabaki."

Massoudi aliyatupa yale maji yenye damu. "Jicho limekufa. Na mwingine sina namna ya kumupata, njia ya milimani imefungwa tena."

Tajudini alivuka tena na habari ya jicho, na aliporudi kutoka Uvira alileta jibu. "Kaka zake Mwanasiti wamesema, kama kwenu hakuchinjwi, atarudia nini katika hatari hii? Ataswali huko. Amelia sana, Massoudi, lakini amekubali."

Shuleni, Mwalimu Adrien alisikia. Aliuliza darasa nani alikuwepo, na darasa likawa na shughuli ya kutazama madawati. Raihana akasimama.

"Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye nilipewa kumuchunga."

Mwalimu hakuchukua fimbo. Aliwapeleka wote kwa Massoudi, akamfunga Kaltum kitambaa jicho moja, akamwambia avuke ua wakati wenzake wanapiga makofi na vigelegele wakimkaribia upande asioona. Katikati ya ua Kaltum alisimama, akajikinga kwa mikono, akaanza kulia.

"Mutaleta majani na maji, kila mutu kwa zamu yake," Mwalimu alisema. "Kila siku. Na muingie polepole."

Walileta kweli. Waliweka majani chini, wakajaza ndoo, wakaenda zao bila kucheza.

Siku ya Idi Massoudi alikwenda kuswali, na Raihana akaomba abaki. Majirani wachache waliokuwepo walileta nyama katika sahani zilizofunikwa, kama wanavyopelekewa wasio na kitu. Alizipanga mezani, hakuonja. Kisha akatoka na kiganja cha majani, akakaa chini uani, mkono ameunyosha, akaanza kusoma kwa sauti kama zamani.

Kondoo alikuwa ameegemeza ukutani upande wa jicho bovu. Jicho zima hakuliondoa kwa Raihana. Akisogea kidogo, naye alirudi nyuma kidogo. Mkono ulichoka, majani yakanyauka, na adhuhuri ikaadhiniwa. Katika nyumba ile nzima ni kondoo tu aliyemtazama Raihana siku ya Idi, na alimtazama kwa hofu.

MAFUNZO

Mnyama uliyekabidhiwa ni amana. Hata kama kesho atachinjwa, leo ana kiu, ana maumivu, na anakujua wewe kuwa ndiye mwenye kumlinda. Watoto, anayekutaka kwa sharti umtese asiye na wa kumsemea si rafiki. Mwache aende, hata ukibaki peke yako. Na sisi wazazi, tukimpa mtoto mnyama wa kutunza, tumuulize pia yeye anatunzwa na nani.